Ua wa Miyenzi

Nyamihanga, Kibondo
11 Juni 2023

Mchumba wangu wa zamani, Babu Reverien,

Nakusalimu sana. Natumaini mgongo umekuachia, na kwamba bado unawashinda vijana wa Nyakitonto kwa kuimba kanisani ingawa husikii unachoimba. Mimi mzima. Nakuandikia kwa mkono kwa sababu simu kwako ni kazi bure. Mara ya mwisho tuliongea mpaka salio likakata, halafu nikasikia unamuuliza jirani huyo alikuwa nani.

Habari kubwa ni kwamba nimepata kazi. Mafunzo ya Morogoro yalikwisha salama, na sasa nimeajiriwa na shirika la kutegua mabomu kwenye ile kambi ya zamani ya jeshi. Ndiyo, Nyamihanga hii hii mliyoishi wewe na Bibi kabla ya kuhamia Nyakitonto kwa kazi yako ya ukatekista. Nilikuwa mtoto wa mgongoni, sikumbuki chochote, lakini nikipita njiani najiona nimefika nyumbani. Sijamwambia mtu kwamba nina asili ya hapa. Kazini tunakatazwa kujiegemeza upande wowote wa wanakijiji.

Tunayatafuta mabomu ardhini kwa mashine. Mengine tunayategua palepale, mengine tunayabeba taratibu kwenda kuyalipua mbali. Ni kazi ya magoti na subira, na wewe ndiye uliyenifundisha vyote viwili. Naipenda, Babu. Ni kazi kwa ajili ya watu wetu.

Sasa nina ombi. Ramani tuliyopewa inaishia kwenye kijito. Mkuu wetu anaamini yapo yaliyovuka, lakini bila shahidi aliyeona hatuwezi kutoka nje ya ramani. Wewe ulikuwa unawapelekea wanajeshi kuni jikoni kwao. Wakati wa mazoezi yao mabomu yalikuwa yanaangukia wapi? Niandikie tu unachokumbuka.

Blanketi hili ni la mshahara wa kwanza. Barua zako mpe Mama Mudathiri dukani kwake pale stendi ya Kasulu, makondakta wa basi la Kibondo wanamjua.

Mkeo mdogo,
Esteri


Nyakitonto
25 Juni 2023

Kwa Esteri,

Barua yako nimeipata. Blanketi nimemwachia Mama Mudathiri akurudishie. Silihitaji.

Naomba unijibu maswali yafuatayo. Hao waliokuajiri wametoka upande gani? Kuna watu wa kambi ya wakimbizi ya Nduta kati yao? Hivyo vitu mnavibeba saa ngapi, na watu wa kijiji wanaona mkivibeba? Huko mbali unakosema ni wapi?

Maneno uliyoniandikia usimwandikie mtu mwingine. Wakati wetu watu walipotea kwa barua fupi kuliko hiyo. Nilidhani nimewalea wajukuu ambao hawatagusa mambo hayo, na bibi yako alifariki akidhani hivyo hivyo. Sina la kuongeza.

R. N.


Nyamihanga
16 Julai 2023

Babu yangu,

Barua yako nimeisoma nikiwa nimesimama, nikakaa, nikaisoma tena. Umenitilia saini ya herufi mbili, mimi niliyekuwa nakunyoa ndevu.

Nadhani nimeelewa kinachokuudhi. Mama yake mchumba wangu Sylvesta alikwisha kusema kwamba msichana anayeshika mabomu hawezi kupewa mtoto ashike, na maneno hayo yamefika hadi kwako. Sawa. Kama Sylvesta naye anaamini hivyo, atafute anayeshika mwiko tu. Lakini wewe sikutegemea. Wewe ndiye uliyenipeleka shule mvua ikinyesha, watu wakikucheka kwamba unasomesha binti wa watu wengine.

Maswali yako nakujibu kwa sababu umeuliza. Wakuu wametoka nchi mbalimbali, yupo na Mkongo mmoja anayechanganya Kiswahili na Kifaransa mpaka tunamwomba arudie. Watu wa Nduta wapo, wanatusaidia kuzungumza na wazee, na wanayajua mabomu haya vizuri kwa kuwa waliyaona kwao. Tunayabeba alfajiri kabla watu hawajaenda mashambani. Mbali ni kwenye machimbo ya kokoto, upande wa mpakani. Hakuna siri yoyote. Kijiji kizima kinatuombea tufanikiwe.

Nakuomba tena habari za ng'ambo ya kijito, maana muda unatubana. Tukimaliza tunakabidhi eneo kwa kijiji na kuondoka, kisha watu watalima kila mahali. Mwenyekiti wa wakulima hapa ni mzee anaitwa Niyitegeka, na tayari amepanga pa kuanzia. Ng'ambo kuna kibonde chenye udongo mweusi, kimezungushiwa miyenzi iliyosongamana mpaka mbuzi hapenyi, na ukikata tawi maziwa yake yanachoma macho. Wanapaita Shamba la Mwizi. Inasemekana kuna mtu alijizungushia ardhi ya kijiji, hakulima hata tuta moja na hakutaka mwingine alime, mpaka wakamfukuza. Nilicheka sana. Roho mbaya nyingine hazina hata faida kwa mwenyewe.

Blanketi nimelirudisha tena kwa Mama Mudathiri. Tukishindana sana atalifanya lake.

Wako, ukitaka usitake,
Esteri


Nyakitonto
3 Agosti 2023

Kwa Esteri,

Sijui mahali popote. Nilipeleka kuni, nikarudi nyumbani. Sikuona kitu.

Huyo Niyitegeka mwambie udongo wa kibonde kile haufai. Unaozesha mbegu. Atafute penginepo.

Wewe acha kazi hiyo urudi nyumbani. Mpaka utakaporudi usiniandikie.

R. Nsabimana


Nyamihanga
10 Septemba 2023

Babu,

Umenikataza kukuandikia, nami nimekaa kimya mwezi mzima. Hii ni ya mwisho, nisije nikajilaumu baadaye.

Mvua zimeanza kunukia mapema, kwa hiyo kijiji kimeomba tukabidhi eneo mapema. Itakuwa Jumatatu, tarehe 2 Oktoba. Nilimwambia Niyitegeka kwamba kibonde kinaozesha mbegu, akaniuliza nimeambiwa na nani. Alisema ng'ombe wa kulima amekwisha kuwakodi, wataingia Shamba la Mwizi siku hiyo hiyo ya makabidhiano, na yeye mwenyewe ndiye atakayeshika jembe.

Umejuaje habari za udongo ule, Babu? Kama kuna unachokijua, kuna watu watakufa kwa kukosa kuambiwa. Kama hukijui, basi nisamehe usumbufu. Nimekukosea nini, hilo ndilo sijalijua hadi leo, na linaniuma kila siku.

Esteri


Kasulu, dukani kwako
Alhamisi, 21 Septemba 2023

Kwa Mama Mudathiri,

Pole na biashara. Jana niliiandika nyumbani barua hii nikaichana, leo naiandika hapa kwenye benchi lako, maana masikio yangu unayajua, na jambo hili si la kuambiana kwa sauti siku ya gulio.

Nataka unisaidie kumtoa Esteri huko Kibondo. Mjukuu wangu amejiunga na watu wabaya. Ameniandikia kwa mkono wake, bila aibu, na barua zake hizi hapa uzisome mwenyewe, kwamba kazi yao ni kutegua mabomu. Wanayafukua yale ya kambi, wanayategua, wanayabeba alfajiri kuelekea mpakani kwenda kuyalipua mbali. Anasema ni kwa ajili ya watu wetu. Maneno hayo hayo niliyasikia Burundi nikiwa kijana, na walioyasema walituachia makaburi.

Halafu ananiuliza mabomu mengine yako wapi. Hapo ndipo moyo wangu ulipopasuka. Mama Mudathiri, swali hilo niliwahi kuulizwa. Jeshi lilipohama Nyamihanga walikuja watu nisiowafahamu, wakakaa barazani kwangu kwa heshima, wakanywa pombe ya ndizi, wakaniuliza wanajeshi waliacha nini na wapi. Nilikuwa najua. Wakati wa mazoezi yalikuwa yanapita juu ya kijito na kutua kwenye kibonde. Ule udongo ni laini, yalizama bila kulipuka. Niliwaambia sijui. Walipoondoka, mimi na marehemu mke wangu tulipanda miyenzi kuzunguka kibonde chote ili asiingie mtu wala mnyama.

Jirani zangu hatukuwaambia. Mkimbizi anayejua silaha ilipo ana maisha mafupi, na kati ya majirani sikumjua atakayewapelekea habari wale watu. Kwa hiyo wakaniita mwizi wa ardhi. Mkutano wa kijiji ukanifukuza. Nikasema nimehamishwa na kanisa, na watoto wangu wakaamini.

Sasa nifanye nini? Nikinyamaza, Niyitegeka ataingia na ng'ombe wake Jumatatu ya tarehe mbili. Nikisema, nitakuwa nimewapa watu wa vita kile nilichowanyima kwa kuacha nyumba yangu, na atakayekipokea ni mtoto niliyemlea. Mwandikie kwamba nimeugua sana, nakata roho. Akija tutamfungia ndani.

Reverien Nsabimana


Kasulu, 21 Septemba

Mzee wangu Reverien,

Mimi ninakuona kupitia mlangoni, unakunywa chai yangu na kuwafukuza nzi, nami niko ndani nakuandikia barua. Mtu akituona atasema tumerukwa na akili. Lakini haya siwezi kukupigia kelele barazani. Nikitamka bomu kwa sauti unayoisikia wewe, stendi yote itakimbia, na wateja wangu watakuwa wa kwanza.

Sitamwandikia mtoto kwamba unakata roho. Umeshiba mihogo ya watu, hufi leo.

Nilipofika kwenye neno lile nilicheka, kisha nikalia kidogo, Mungu anisamehe. Esteri amekuandikia kutegua. Wewe umesoma gutegura ya Kirundi na Kiha. Miaka yote hii nawauzia vitenge, nawasikia mkitegura harusi, mkitegura ubatizo, na najua kwenu maana yake ni kuandaa. Sasa sikiliza Kiswahili cha kwetu Ujiji. Mtego umetegwa. Anayeutegua anauondolea ukali wake, na mnyama anapita asidhurike. Bibi yangu alikuwa akituambia tukategue chungu, yaani tukakitoe motoni. Wewe mwenyewe mwaka jana uliteguka kifundo cha mguu hapa hapa kwenye ngazi yangu. Je, kifundo kile ulikuwa umekiandaa?

Mtoto hatengenezi mabomu, mzee. Anayaua. Anayatoa ardhini ili yasilipukie mtu, na yanayobebeka, si kwa matumizi ya mtu yeyote, yanapelekwa machimboni yakalipuliwe mahali pasipo na watu. Mudathiri wangu amepeleka mzigo wa mchele kule mara nyingi, amewaona kwa macho yake wamevaa makoti mazito na vioo usoni, wametambaa chini jua linawachoma. Watu wa Nduta aliowaandika ni wakalimani. Na ile alfajiri ni kwa sababu watu bado wamelala majumbani, hakuna wa kuumia.

Kalamu hii hapa, na karatasi. Mudathiri anaondoka na pikipiki baada ya swala ya adhuhuri, basi la leo limekwisha kuondoka. Andika. Chai nitakuongezea.

Zaitun


Kasulu, 21 Septemba 2023

Mke wangu mdogo,

Mama Mudathiri amesimama mbele yangu ananisubiri nimalize, kwa hiyo mwandiko usiutazame.

Nilikusoma vibaya. Yeye atakueleza neno lililonikwaza, mimi naona haya. Kila Majilio nimesimama mbele ya watu nikiwahubiria gutegura, watengeneze njia ya Bwana, na neno hilo nililijua zaidi kuliko jina langu. Ulipoandika kutegua mabomu nikaona mjukuu wangu anayatengeneza. Nilikuwa nalala nikikuona umebeba kitu gizani kuelekea mpakani. Sikukuchukia hata siku moja. Nilikuogopa, na kumwogopa mtoto uliyemlea ni adhabu kubwa kuliko kufiwa.

Mkuu wako anataka shahidi. Ni mimi. Yako ndani ya kile kibonde, chini ya udongo mweusi, mengi yakiwa upande wa juu karibu na mwamba uliopasuka. Mwaka wa mwisho wa mazoezi yalitua pale karibu kila wiki, nami nilikuwa nimejilaza na mzigo wangu wa kuni nikiyatazama yakizama. Nje ya ua sikuona lililoanguka, lakini msiniamini, pimeni.

Shamba la Mwizi ni langu, Esteri. Mwizi ni mimi. Nusu ya miyenzi ile aliiotesha bibi yako, akiwa na mimba ya shangazi yako mdogo, na maziwa yake yalimwingia machoni akakaa siku nyingi bila kuona vizuri. Walipokuja kutufukuza alitaka kuwaambia. Mimi nilimkataza, kwa sababu kati ya waliokuja sikujua nani angeenda kuwaambia wale watu. Alibeba masufuria akaondoka huku wanawake wenzake wakimtazama. Aliishi na jina la mke wa mwizi. Mimi nilizoea, yeye hakuzoea.

Mwambie Niyitegeka asiingie. Mwambie hata kama atakutukana. Wala usiseme umeambiwa na mzee wa zamani, taja jina langu lote. Niliwaficha wote kwa sababu ya wale wabaya wachache, na sasa naona wanaoweza kufa ni hawa waliokuwa jirani zangu.

Mkitaka nije kuonyesha kwa kidole nitapanda basi. Nikifika nitatembea nyuma yako, nikanyage unapokanyaga.

Blanketi nimelichukua.

Mumeo mzee,
Reverien


Nyamihanga
Jumapili, 8 Oktoba 2023

Mume wangu,

Mudathiri alifika amejaa vumbi mpaka kope. Nilisoma barua yako, na ile ya Mama Mudathiri aliyoambatanisha, nyuma ya gari la maji ili watu wasinione. Babu, mimi naongea Kiha tangu nimejua kuongea, nikiamka nategura chai, na sikuliona neno lile. Nimekutesa miezi yote hiyo kwa herufi moja, nawe umenitesa kwa herufi mbili za saini. Tumelipana.

Sikutaka usafiri na mgongo huo. Mkuu alisema barua yenye saini ya aliyeona kwa macho yake inatosha, akaahirisha makabidhiano jioni hiyo hiyo. Niyitegeka alikuja juu. Alisema mwizi wa ardhi amerudi kwa mlango wa nyuma kupitia mjukuu wake, maana nilitaja jina lako lote kama ulivyoagiza, na jina langu pia. Watu walininyima salamu. Hata kisimani waliniachia nafasi kubwa.

Tulikata miyenzi mahali pamoja tu, pa kupita mtu mmoja. Nilivaa vioo, lakini maziwa yalinidondokea mkononi yakanichoma, nikamkumbuka Bibi. Nilipopitisha mashine ndani ya ua ililia, nikaisogeza, ikalia tena, na sikupata pa kuweka goti pasipo na mlio. Ilibidi nirudi kinyumenyume. Mwenzangu wa Nduta aliangalia alama nilizoweka akajishika kichwa, akasema huyo mzee wenu alipaswa kupewa ng'ombe wa heshima.

Kazi bado, tutakaa pale mpaka mvua kubwa zitukatishe na mwakani turudi. Lakini yale ya juu karibu na mwamba tumeyatoa, na jana tuliyalipua machimboni. Wanakijiji walisimamishwa mbali, ng'ambo ya barabara. Moshi ulipanda, ardhi ikatikisika. Ng'ombe wa Niyitegeka walikuwa wamefungwa kando ya barabara, nira zao bado shingoni. Wangelikuwa ndani ya kibonde tangu Jumatatu.

Alinifuata jioni wakati navua koti. Alivua kofia, akaizungusha mikononi. Akaniambia kwamba ni yeye aliyesimama kwenye mkutano ule wa zamani kuomba mfukuzwe, na kwamba mke wake ndiye aliyemcheka Bibi alipobeba masufuria. Nikamwambia Bibi alikwisha kufariki. Hakuniomba msamaha, nadhani hakuona ni neno gani lingetosha.

Kisha akaniuliza kwa Kiha kama kiwanja chenu cha zamani nimekiona. Akasema kipo, hakuna aliyejenga, na kwamba vijana wa kikundi chake wanaweza kufyatua tofali kabla mvua haijakolea. Akauliza mzee atarudi lini.

Nilimjibu kwamba sijui, nitakuandikia nikuulize. Basi nakuuliza.

Mkeo mdogo,
Esteri